Maji Ndani ya Pipa la Oili

Kijiti kilitoka kimelowa maji.

Hapo ndipo pumzi zilipotukatika wiki jana, msomaji wangu. Bi Spana, mwanamke pekee mwenye gereji katika mtaa mzima wa gereji, amesimama uwanjani kwenye kiwanda cha kusafisha oili chafu. Jua linamchoma utosi. Mapipa yake ya bluu yameshushwa kwenye lori na kupangwa mstari. Mkaguzi wa kiwanda, mwanamke mwembamba mwenye miwani, amechomoa kijiti cha kupimia kutoka pipa la kwanza, akakiinua juu ili kila mtu akione.

Juu kabisa, weusi wa oili, mwembamba kama ganda la kitunguu. Kuanzia hapo kwenda chini, maji matupu.

"Dada," mkaguzi akasema, "umetuletea maji."

"Haiwezekani!"

"Basi fungua linalofuata. Fungua wewe mwenyewe, usije ukasema nimekusingizia."

Bi Spana akaikata lakiri kwa mkono wake. Ilikuwa lakiri yake, kipande cha risasi kilichobanwa kwa koleo lenye alama ya gereji yake, na haikuwa na mkwaruzo. Akatumbukiza kijiti. Maji. Akalirukia pipa jingine, akakata, akatumbukiza. Maji.

Oili ile aliiona mwenyewe ikimiminwa. Jana yake mafundi wa mtaa mzima walikuja na ndoo na madumu, kama walivyozoea tangu alipowabembeleza mmoja mmoja waache kumwaga oili chafu mferejini. Walimimina, wakataniana, wakaondoka. Yeye akafunga vifuniko na kubana lakiri. Asubuhi mdogo wake akawasha lori.

"Si mara ya kwanza," mkaguzi akasema kwa sauti ya chini. "Kwa muda sasa mapipa yako yanakuja hivi. Mwanzoni machache, leo yote. Tulinyamaza makusudi."

"Mlijua mkanyamaza?"

"Tulitaka tumjue mwizi."

"Na mmemjua?"

Mkaguzi aliokota lakiri iliyokatwa, akaigeuzageuza kiganjani, kisha akamtazama Bi Spana usoni.

"Hii alama ni ya nani?"

Ilikuwa ya gereji yake.

"Kibali cha kukusanya oili kina jina lako," mkaguzi akaendelea. "Nikipeleka habari hii ofisi ya mazingira, gereji yako inafungwa. Na ikifungwa, wenzako wanarudi kulekule mferejini. Sipendi tufike huko. Nakupa mpaka kesho. Niletee oili, au niletee mwizi."

Alipogeuka, Bi Spana alimwona mdogo wake ameegemea mlango wa lori, anajifuta jasho kwa kofia.

Huyu ndiye Kobe. Watu walimpa jina hilo kwa jinsi anavyoendesha taratibu. Mama yao alipofariki, Kobe alikuwa hajaota meno yote. Bi Spana ndiye aliyembeba mgongoni, akamsomesha, akamfundisha kushika usukani.

Wakapanda lori. Wakatoka getini.

"Kobe."

"Naam, dada."

"Asubuhi ulisimama wapi?"

"Sikusimama popote. Gereji hadi kiwandani, moja kwa moja."

"Moja kwa moja?"

"Haki tena."

Bi Spana alitaka kumwamini. Lakini macho ya fundi hayana likizo. Kwenye zulia la mpira, chini ya miguu ya Kobe, palikuwa na unga wa mbao. Mbichi, wa manjano, bado una harufu. Barabara ya kwenda kiwandani ni lami tupu, na pembeni yake hakuna hata kibanda cha seremala.

"Simamisha gari."

"Dada, hapa si mahali pa—"

"Nimesema simamisha!"

Lori likasimama kando. Bi Spana akainama, akachota ule unga kwa ncha ya vidole, akampulizia Kobe mapajani.

"Huu nao umeushusha upepo?"

Kobe aliutazama. Mwisho akalaza kichwa juu ya usukani kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

"Nilipita kwa Mzee Randa," akasema.

Mzee Randa alikuwa na kiwanda cha mbao upande wa pili wa kijito. Mtu wa maneno laini, mwenye penseli sikioni, anayejulikana kwa milango na vitanda vyake.

"Ulifuata nini?"

"Binti yake."

"Nini?"

"Nampenda binti yake, dada. Kila nikipeleka mapipa napita kumsalimia. Wananikaribisha chai, nakaa kidogo, naondoka. Niliogopa kukwambia. Ulisema nisilete habari za kuoa kabla sijapata leseni ya trela."

Bi Spana alimkazia macho. Alitafuta uongo usoni pake, akaona aibu tu. Akajikuta anataka kucheka na kumzaba kofi kwa wakati mmoja.

"Na unapokunywa chai, lori linakuwa wapi?"

"Nje."

"Nani analilinda?"

Kobe akawasha lori.

*

Gereji waliikuta kwenye kelele. Gari la wagonjwa la zahanati lilikuwa limeziba lango, mafundi watatu wanalisukuma, na dereva wake anapiga paa kwa kiganja kana kwamba analiamsha.

"Injini imenoki!" akamlalamikia Bi Spana. "Imenoki nikiwa na mama mjamzito ndani! Tumempakia kwenye teksi ya watu, uchungu umeshamshika. Na hii oili nimebadilisha juzi tu!"

"Juzi?"

"Juzi! Mpya, ya kopo lililofungwa!"

Bi Spana hakungoja. Alivaa ovaroli, akajilaza juu ya kipande cha boksi, akajisukuma chini ya gari, akafungua nati ya kumwagia. Oili ikaanguka kwenye beseni. Ilikuwa nyepesi kama chai. Akaipaka kati ya dole gumba na kidole cha shahada, ikamkwaruza. Akainusa.

Chini ya harufu ya kuungua kulikuwa na harufu nyingine, kali, chachu, inayopanda puani hadi machozi yakatoka. Tindikali.

Akajitoa chini ya gari polepole.

Alishawahi kuelezwa kiwandani. Oili chafu ikisafishwa kwa mitambo inayostahili, inarudi kuwa oili nzuri. Lakini wapo walaghai wanaoichemsha uani, wanaitia tindikali na udongo mweupe ili iache weusi, wanaijaza kwenye makopo ya kung'aa. Inapendeza machoni, lakini inaua injini. Na lile tope linalobaki, zito kama lami na lenye sumu, hutafutiwa shimo. Au mto.

Akakumbuka malalamiko ya mama mkwe wake. "Mboga zangu zinakauka na huku nazimwagilia kila siku," bibi huyo alisema wiki nzima, na kila mtu alimwambia ni jua. Bustani yake ilikuwa bondeni, ukingoni mwa kijito.

"Kopo ulilinunua wapi?" akamuuliza dereva.

Dereva akanyoosha kidole ng'ambo ya ukuta.

Kwa Shemeji!

Duka la vipuri la Shemeji lilipakana na gereji, ukuta mmoja. Marehemu mume wa Bi Spana na Shemeji walikuwa ndugu, na arubaini ilikuwa bado haijafika Shemeji alipoanza kuuliza kwa nini gereji isiwe mikononi mwa mwanamume. Tangu hapo salamu zao zilikuwa za kutimiza wajibu. Ukuta mmoja! Nani mwingine angeweza kuyafikia mapipa usiku bila kupita langoni?

Bi Spana aliingia dukani na beseni mkononi, akalitua juu ya kaunta kwa kishindo. Oili ikaruka, ikamchafua Shemeji shati.

"Wewe una kichaa?" Shemeji akapiga kelele.

"Oili yangu unaitia tindikali, shemeji? Umeshindwa kuninyang'anya gereji, sasa unataka nifungwe?"

"Oili gani? Tindikali gani?"

"Usijifanye mtoto. Gari la zahanati limekufa. Kuna mama anajifungulia kwenye teksi kwa ajili ya makopo yako!"

Wateja wawili wakajipenyeza nje kimyakimya. Shemeji alilitazama beseni. Bi Spana alitegemea matusi, au kicheko. Lakini mtu mzima yule aliishiwa rangi, akavuta kiti, akakaa.

"Njoo," akasema. "Njoo uone kitu."

"Sema hapahapa."

"Shemeji, njoo. Nikitaka kukudhuru ningengoja leo?"

Akamtangulia hadi nyuma ya duka. Pale, chini ya turubai, ilikuwepo ile gari ya Shemeji, gari anayoipenda kuliko watu, anayoiosha kila Jumapili na kumkaripia yeyote anayeiegemea. Boneti ilikuwa wazi. Injini ilikuwa imefunguliwa vipande.

"Imenoki wiki iliyopita," akasema. "Nimeona aibu kuileta kwako, baada ya yale niliyosema msibani. Niliitia oili ya duka langu. Shemeji, ningekuwa najua ni sumu ningeimiminia hii?"

Bi Spana akachungulia. Vyuma vilikuwa vimekwanguka, vina rangi ya moshi. Ugonjwa ni uleule.

Shaka yake, iliyokuwa imesimama wima, ikayumba.

"Nani anakuletea?"

"Mzee Randa."

"Randa wa mbao?"

"Huyohuyo. Aliniambia ana ndugu yake kwenye kiwanda unakopeleka oili, anampa kwa bei ya jamaa. Nikamwamini. Mtu mwenyewe unamjua, anaongea kama anakuimbia."

Mbao. Unga wa mbao. Chai ya Mzee Randa, na binti wa kumtia Kobe upofu wakati lori limeachwa nje. Mtoto wake wa kumlea, wamemfanya chambo!

Akatoa simu, akampigia mkaguzi.

"Nimempata mwizi," akasema. "Njoo kiwanda cha mbao kando ya kijito. Njoo na watu wa mazingira, na askari ukiweza. Usichelewe."

"Una hakika?"

"Kama ninavyolijua jina langu."

Shemeji akanyanyuka. "Tunakwenda wote."

"Wewe baki. Kusanya makopo yote, usiuze hata moja. Na watafute uliowauzia, uwaambie wasiwashe magari yao."

Langoni alimkuta Kobe amekalia tairi bovu, anatafuna kucha.

"Unakwenda wapi, dada?"

Bi Spana akasita. Lakini angemficha mtoto huyu nini? Akamwambia yote, kwa kifupi, amemshika bega ili asianguke kwa uchungu. Kobe alimsikiliza akiwa ameduwaa.

"Binti hajui kitu," akasema mwisho. "Naapa hajui."

"Hilo tutaliona."

"Usiende peke yako. Ngoja niwashe lori."

"Lori lako litasikika bonde zima. Kaa hapa." Akamfuta vumbi shavuni. "Pole, mdogo wangu. Watakuja wachumba wengine."

Akapanda pikipiki ya kukodi, akaondoka.

*

Kwa Mzee Randa, mashine ya kupasua mbao ilikuwa inalia kama ng'ombe anayechinjwa. Haikuwa na mtu. Hilo lilimshangaza Bi Spana: nani anaacha msumeno unazunguka hewani? Isipokuwa anataka kelele zake zifunike kelele nyingine.

Alipita kati ya malundo ya mbao, akafika kwenye ukuta wa mabati. Bati moja lilikuwa limelegea. Akalisogeza, akajipenyeza kwa ubavu.

Loo!

Uani kulikuwa na masufuria makubwa ya chuma juu ya majiko ya vumbi la mbao. Magunia ya udongo mweupe. Madumu ya tindikali yaliyoula mchanga pale yalipowekwa. Makopo mapya ya kung'aa, yamepangwa hadi usawa wa shingo. Na ukutani, mapipa ya bluu. Mapipa yake, yenye alama ya gereji yake kwa rangi nyeupe, yamejaa oili iliyomiminwa jana. Kumbe hawakuhangaika kuhamisha oili. Walibadilisha mapipa mazimamazima.

Macho yakaanza kumwasha. Lakini kilichomshtua zaidi kilikuwa pembeni: shimo lililojengewa saruji, limejaa tope jeusi, na bomba nene linalotoka ubavuni mwake kushuka bondeni. Kwenye bomba palikuwa na koki. Koki ilikuwa wazi.

Akachungulia chini. Tope lilikuwa linatiririka polepole kuingia kijitoni, linatandaza rangi za upinde wa mvua juu ya maji. Mbele kidogo, wanawake walikuwa wameinama kwenye matuta. Alimtambua mama mkwe wake kwa kitambaa chake chekundu. Alikuwa anachota maji kwa ndoo.

"Mama! Yaache hayo maji!"

Msumeno ukaimeza sauti yake.

Akairukia koki. Ilikuwa imegandamana na tope, inateleza. Alivuta, mikono ikachomoka. Akaikumbatia kwa mikono yote miwili, akaweka goti, akakaza kama anavyokaza nati za lori bovu. Tope lilimrukia kifuani, likamlowesha hadi viwikoni. Koki ikalia, ikasogea, ikakubali. Tope likapungua, likawa tone, likakatika.

Akapumua. Akainua uso.

Ndipo alipoliona. Juu ya koki, kwenye msumari, lilikuwa limening'inizwa koleo la lakiri. Hakuhitaji kulishika. Mpini mmoja ulikuwa umezungushiwa utepe wa kijani aliouzungusha yeye mwenyewe.

Koleo lile hukaa kwenye droo chumbani kwake. Droo ina ufunguo. Ufunguo hukaa nyuma ya picha ya mama yao, na katika dunia hii walio hai wanaolijua hilo ni wawili.

"La," akasema peke yake. "La, la, la."

Ghafla msumeno ukazimwa. Kimya kikaanguka uani kama gunia.

"Usiguse kitu! Simama hapo hapo!" sauti ya askari ikafoka mlangoni.

Mlango wa bati ukasukumwa. Akaingia mkaguzi na miwani yake, maofisa wawili wa mazingira, na askari. Nyuma yao Mzee Randa, penseli sikioni, mikono kichwani.

"Mungu wangu!" Mzee Randa akalia. "Kumbe haya ndiyo aliyokuwa anayafanya! Nilimpangisha uani, akaniambia ni stoo ya mapipa!"

"Mwongo!" Bi Spana akafoka. "Mimi ndiye niliyewaita! Muulizeni mkaguzi!"

Mkaguzi alikuwa anatazama. Alitazama mapipa yenye alama nyeupe. Akatazama koleo msumarini. Akatazama mikono ya Bi Spana, myeusi hadi viwikoni, bado imeshika koki.

"Uliniambia umempata mwizi," akasema taratibu. "Yuko wapi?"

Kabla Bi Spana hajajibu, mlango wa nyumba ulifunguliwa na mtu akatoka. Hakuwa amevaa viatu, alitoka kama mtu atokavyo kwao. Alikuwa Kobe, aliyeachwa gereji, kumbe amemtangulia kwa njia ya mkato, na nyuma yake binti mmoja ameshika fremu ya mlango, macho yamemvimba kwa kulia.

"Kobe," Bi Spana akasema. Hata sasa moyo wake ulikuwa unamtafutia mdogo wake mlango wa kutokea. "Kobe, waambie. Waambie ilivyokuwa, nami nitakusamehe. Wametumia ujinga wako tu. Waambie."

Askari akamgeukia kijana.

"Wewe ni nani yake?"

"Mdogo wake."

"Huku uani, haya mapipa na hii mitambo, ni ya nani?"

Kobe aliangalia chini. Mzee Randa akasogea, akamwekea mkono begani, kwa upole kabisa, kama baba mkwe.

"Ya dada," Kobe akasema.

"Sikusikii. Sema kwa sauti."

Kobe akainua kichwa. Alimtazama dada yake mara moja tu, kisha akasema kwa nguvu hadi wanawake waliokuwa bondeni wakainuka kwenye matuta, na yule mwenye kitambaa chekundu akatua ndoo yake, akasikiliza.

"Ni ya dada! Yote ni yake! Hata mimi alinilazimisha!"